Je, Mwenye Duka Aitangaze Sadaka Yake?



Juma lililopita, baada ya mafundisho, kijana mmoja aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alisema: “Mwalimu, Bwana wetu alituonya tusipige tarumbeta tunapotoa sadaka. Lakini alitufundisha pia ya kwamba taa haiwashwi ili ifichwe. Basi, mwenye duka akiwasaidia maskini, anyamaze au aseme?” Nilimwomba anipe siku chache. Leo namjibu yeye pamoja nanyi nyote, maana swali hili latuhusu sana sisi watu wa Butembo na Beni.

Kwa nini latuhusu? Kwa sababu Butembo ni mji wa biashara. Wako walioanza na kikapu cha maharagi au mzigo wa vitunguu, na leo wanasafiri hata Dubai na Guangzhou kununua bidhaa. Tena, watu wa hapa hawakukaa tu wakingoja serikali. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo letu tangu mwaka 1966 mpaka 1997, aliwahimiza watu kutengeneza barabara kwa nguvu zao wenyewe, na chini ya uongozi wake Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa hapa Butembo mwaka 1989. Wafanyabiashara walichangia kazi za namna hiyo. Je, kama kila mtu angalinyamaza, barabara zingalitengenezwa? Hapana. Kazi ya watu wengi haianzi pasipo mtu wa kusimama na kusema. Basi, kunyamaza siyo fadhila siku zote.

Lakini yako maneno ya namna nyingine. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule nilimokuwa nikifundisha, tajiri mmoja aliwaletea mayatima madaftari. Tulishukuru. Kisha aliagiza watoto wapangwe mstari juani, kila mmoja ashike daftari lenye jina la duka, wapigwe picha. Mimi ndiye niliyesoma majina kwa sauti mbele ya shule nzima. Msichana mmoja wa darasa la nne hakuitika. Nilimkuta nyuma ya jengo, akilia. Akaniambia: “Mwalimu, wenzangu hawakujua ya kuwa baba yangu amekufa. Sasa wanajua, kwa ajili ya daftari.”

Wapenzi, maneno ya mtoto yule hayajanitoka moyoni hata leo. Kosa letu lilikuwa nini? Tajiri hakukosa kwa kutoa, wala mtu hakosi kwa kusema tu kwamba ametoa. Tulikosa kwa sababu tulimlipisha yatima. Tulimpa daftari, tukamnyang'anya siri yake ili duka lipate sifa. Hiyo siyo sadaka tena. Ni biashara, na aliyelipa bei ni yule asiye na kitu.

Sasa tazameni mfano wa pili. Tangu mwezi wa Oktoba mwaka 2014, mauaji katika nchi ya Beni yamewafukuza watu wengi katika vijiji vyao, na wengi wamekimbilia Butembo. Siku moja, familia kadhaa zilipofika mtaani kwetu, mama mmoja muuza vitenge alisimama sokoni mbele ya wenzake. Hakutaja jina la mtu ye yote aliyesaidiwa. Alisema: “Familia zilizofika ni kumi na moja. Niliwauliza wanahitaji nini kwanza, wakaniambia sufuria na blanketi. Mimi nimeleta sufuria mbili na blanketi nne. Zilizobaki nani ataleta?” Kabla ya jua kutua, kila familia ilikuwa na chombo cha kupikia. Juma lililofuata alisimama tena, akaeleza mbele ya wote: hivi ndivyo vilivyotolewa, hivi ndivyo vilivyogawanywa, hizi ndizo fedha zilizobaki.

Yule tajiri alisema, na mama huyu alisema. Tofauti iko wapi? Tajiri alisema ili watu wamtazame yeye. Mama alisema ili watu waione haja ya jirani, nao wapate kuongeza. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli kwa kitenge kizuri. Lakini njaa ya mgeni haijiuzi. Yafaa mtu ainene kwa niaba yake, tena kwa heshima.

Angalieni pia ya kwamba mama yule alifanya mambo mawili ambayo wengi huyasahau: aliuliza kabla ya kutoa, akatoa hesabu baada ya kutoa. Tulijifunza kwa uchungu uzito wa mambo hayo. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ulipoonekana Mangina, karibu na Beni, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 25 Juni 2020. Walioupata walikuwa 3,470, na katika hao walikufa 2,287. Waganga na wauguzi wengi walijitoa kwa moyo. Fedha nyingi zililetwa na magari mengi yakapita. Hata hivyo watu wengi walisema: “Ebola ni biashara tu.” Mwezi wa Februari mwaka 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Sababu za uadui huo zilikuwa nyingi, vita na siasa zikiwamo. Lakini moja yatufundisha leo: watu waliona fedha wasijue zinakwenda wapi, tena waliona wanaamriwa kabla ya kusikilizwa. Mahali pasipo na hesabu, hata wema hushukiwa. Na wema ukishukiwa, mgonjwa huikimbia dawa ambayo ingalimponya.

Labda mtu atauliza: “Je, mfanyabiashara akifuata hayo yote, sadaka yake imekuwa safi?” Bado. Liko jambo la kwanza kuliko yote, nalo ni haki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya utume wa walei, ulifundisha ya kwamba yatupasa kutimiza kwanza madai ya haki, tusije tukatoa kama zawadi kitu ambacho tayari ni deni. Tufikiri juu ya msukuma chukudu anayepandisha magunia mlimani. Tajiri akimpunja ujira wake mwezi mzima, kisha siku ya sikukuu akampa kilo moja ya chumvi mbele ya watu, je, amempa nini? Amemrudishia sehemu ndogo ya mali yake mwenyewe, naye adai ashukuriwe. Mapendo hayafuniki wizi. Alipe kwanza ujira, asahihishe mizani yake, kisha atoe sadaka.

Msiseme: “Maneno haya ni ya matajiri wa mjini, sisi watu wa kijiji hayatuhusu.” Wewe unayepima kakao ya jirani yako kwa mizani, wewe unayeuza kahawa, mafuta au mkungu mmoja wa ndizi kando ya njia, wewe pia ni mfanyabiashara. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na majaribu ya tarumbeta humfikia mwenye kibakuli sawasawa na mwenye ghala.

Basi, kijana wangu, jibu langu ni hili. Kabla ya kusema juu ya sadaka yako, jiulize mambo matatu. Kwanza: je, ninaodaiwa nao nimewalipa? Pili: maneno yangu yatamletea nani faida, mimi au mwenye shida? Tatu: yule niliyemsaidia akisikia maneno haya, je, atainua uso wake au atauinamisha? Ukiweza kujibu vema, sema wala usiogope. Taja haja, taja kazi, taja hesabu. Lakini jina la maskini na sifa zako mwenyewe, hayo mawili uyanyamazie. Hivyo mafundisho yale mawili ya Bwana wetu hayapingani hata kidogo. Taa huwashwa ili waliomo nyumbani waione njia, si ili wakae wakiitazama taa.

Nami, baada ya siku ile, nilikwenda nyumbani kwa yule msichana, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Tangu hapo sisomi tena majina ya mayatima kwa sauti. Mtu akileta madaftari, namshukuru, naandika hesabu yake na kuibandika mlangoni mwa ofisi ili wazazi wote waione. Watoto wenyewe huyapokea jioni, mmoja mmoja, wenzao wakiwa wamekwisha kwenda nyumbani.