Chakula Kigeni Mezani pa Marafiki

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 16:13–15, Walawi 11:9–12, 20–23, Danieli 1:3–16, Matendo 10:9–28, 1 Wakorintho 10:25–30, Wagalatia 2:11–14.

Fungu la kukariri: Danieli 1:8

Wana wa Israeli walipotoka hemani asubuhi ile jangwani, walikuta ardhi imefunikwa na vitu vidogo vya mviringo mfano wa sakitu. Hakuna aliyevijua. Waliulizana hiki ni nini, na swali hilo likawa ndilo jina la chakula chenyewe: mana. Chakula ambacho Bwana aliwalisha watu wake kwa miaka arobaini kilikuwa kigeni kwao na kwa baba zao pia (Kumbukumbu la Torati 8:3). Waliokinung'unikia hawakuwa na sababu ya imani. Walikuwa wamezoea samaki, matango, matikiti na vitunguu vya Misri (Hesabu 11:5), na mazoea yao wakayafanya kuwa kipimo cha kila kitu.

Jambo hili lafaa kutangulia, kwa sababu washiriki wengi huchanganya chakula kilichokatazwa na chakula kisichozoeleka. Mtu aliyezaliwa Upareni, ambako ujumbe wa Waadventista ulifika mwaka 1903, anaweza kuandaliwa senene na rafiki yake wa Bukoba, akakunja uso na kusema kwamba dini yake haimruhusu. Kumbe Walawi 11:21, 22 inaruhusu nzige na jamaa zao wenye miguu ya kurukia, na Yohana Mbatizaji alikula nzige na asali ya mwitu (Mathayo 3:4). Asiyependa senene ana haki ya kukataa. Aseme tu kwamba hajazoea, asimsingizie Mungu.

Umewahi kutumia dini kama kisingizio cha kukataa jambo ambalo kwa kweli hukulipenda tu? Rafiki yako alijifunza nini kuhusu Mungu siku hiyo?

Jioni ya Forodhani

Chukua mfano wa binti aliyelelewa katika familia ya Kiadventista Musoma, kando ya Ziwa Viktoria. Kwao sato, sangara na dagaa ni chakula cha kila siku, na tangu utoto alijua kwamba kambale hapikwi nyumbani kwa sababu hana magamba. Sheria hiyo haikumsumbua hata siku moja. Majirani waliijua, na hakuna aliyemuuliza. Kisha akapata kazi Unguja. Jumamosi moja jua lilipokwisha kutua na Sabato imefungwa, wafanyakazi wenzake walimpitia, wakaenda pamoja bustani ya Forodhani mbele ya Ngome Kongwe, ambako jioni meza hupangwa na mkaa huwashwa.

Aliyewahi kufika pale anapajua. Kuna urojo na bajia zake, kuna piza ya Zanzibar inayokunjiwa mayai na nyama ya kusaga, kuna juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu. Kuna pia meza za vyakula vya baharini: changu, pweza, ngisi, kamba, kaa na kambakoche, vimetungwa vijitini, na wauzaji wanakaribisha kila apitaye. Wenzake walichanga pesa wakanunua sahani moja kubwa ya kula pamoja. Pweza ndiye aliyejaa.

"Shoga, onja japo kipande," mmoja akamwambia, keshamnyooshea kijiti. "Hakikuli hicho!" Wote wakacheka, naye akacheka.

Kijiti kile kilishikwa na mtu aliyempenda, na ugumu wa jioni ile ulikuwa hapo. Kukataa chakula cha adui ni kazi nyepesi. Mkono wa rafiki ukikaa hewani, na watu wanne wanakutazama, kila sekunde ni ndefu.

Maandiko yenyewe hayana utata. Kiumbe wa majini anayeliwa sharti awe na mapezi na magamba, vyote viwili (Walawi 11:9–12). Changu anavyo. Pweza, ngisi, kamba na kaa hawana. Tofauti ya wanyama safi na wasio safi haikuanzia Sinai wala haikuanza na Wayahudi, maana Nuhu aliijua kabla ya gharika (Mwanzo 7:2). Ndiyo sababu Imani ya Msingi namba 22 inaendelea kuwataka Waadventista wajiepushe na vyakula ambavyo Biblia inavitaja kuwa najisi.

Mara nyingi rafiki Mkristo atataja 1 Wakorintho 10:27, ambapo Paulo anamruhusu mgeni kula kinachowekwa mbele yake bila kuulizauliza. Msomee fungu linalofuata. Ubishi wa Korintho ulihusu nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu kisha ikauzwa sokoni. Paulo hakuulizwa kuhusu nguruwe wala pweza.

Danieli alivyokataa

Kundi likisoma Danieli 1 huwa linaharakia mstari wa 8 na azimio la moyoni. Ni vizuri kuanza nyuma kidogo. Danieli alipokea jina la kigeni. Alijifunza elimu na lugha ya Wakaldayo, akaimudu kuliko wenyeji. Alikubali mengi ya Babeli ambayo mama yake huko Yuda huenda yangemliza. Kwa hiyo alipofika kwenye chakula cha mfalme akasimama, hakuna aliyeweza kusema kwamba huyu kijana anadharau kila kitu chetu.

Tena tazama jinsi alivyosimama. Aliomba. Mkuu wa matowashi alipomweleza hofu yake, kwamba mfalme angeweza kumkata kichwa, Danieli hakumhubiria juu ya ujasiri. Aliichukua hofu ile kwa uzito, akamwendea msimamizi na pendekezo la siku kumi ambalo lisingemponza mtu. Hakutoa hotuba juu ya meza ya Nebukadreza, wala hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliwakemea vijana wengine waliokula.

Binti wa Musoma alifanya jambo dogo linalofanana na hilo. "Ahsante mwenzangu," alisema. "Pweza sili, dini yangu hairuhusu, kama nyinyi na nguruwe. Lakini changu yule nipeni hata wawili!"

"Kumbe! Si ungesema mapema," wakamjibu, wakamsogezea changu. Watu wanaouliza nyama imechinjwaje kabla ya kula hawashangazwi na mtu mwenye mipaka. Pengine ingemwia vigumu zaidi mezani pa Wakristo wenzake kule bara, wanaoagiza kitimoto na kumwambia kwamba Yesu alikwisha kuhalalisha. Bakuli la urojo lilipoletwa, ambalo hajawahi kulionja maishani mwake, alilipokea. Lilikuwa chachu mno kwake. Alilimaliza.

Uamuzi wa binti huyu ulifanywa lini: pale Forodhani, au kabla? Linganisha na Danieli 1:8.

Aliyekula

Mezani pale palikuwa na Mwadventista wa pili, kijana wa kwaya ya kanisa lile lile. Yeye alipokea kijiti mapema, kabla dada yake hajasema neno. Alipomsikia akieleza, aliinamisha macho, akaendelea kutafuna. Sabato iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine.

Hapa somo linageukia kosa la upande wa pili, ambalo Petro analifahamu vizuri. Katika maono ya Yafa alionyeshwa shuka yenye wanyama wa kila namna, akakataa mara tatu, na hakuelewa maana yake mpaka alipoingia nyumbani kwa Kornelio. Tafsiri aliyoitoa mwenyewe katika Matendo 10:28 inahusu watu: Mungu alimwonyesha asimwite mtu yeyote najisi. Hata hivyo, miaka kadhaa baadaye, huko Antiokia, Petro yule yule aliinuka mezani pa Mataifa kwa kuogopa macho ya ndugu waliotoka Yerusalemu, na Barnaba akavutwa pamoja naye. Paulo alimkemea mbele ya wote. Mtu aweza kushika vizuri sheria ya sahani na bado akakosea juu ya aliyekaa nayo.

Kuna tukio la historia ya kanisa linalofaa kukumbukwa hapa. Mnamo Oktoba 1858 Ellen White alimwandikia Stephen Haskell na mkewe, waliokuwa wakisisitiza kwamba nyama ya nguruwe iachwe. Aliwashauri wasiifanye kuwa kipimo kwa wenzao. Kama jambo hilo ni wajibu wa kanisa, Mungu angelionyesha kwa wengi, asiishie kwa watu wawili au watatu. Maono ya matengenezo ya afya yalikuja Juni 1863, na yakaonyesha kwamba kuhusu nguruwe Haskell alikuwa sahihi. Alikuwa na ukweli, akaambiwa asubiri asije akaugawanya mwili wa Kristo kwa huo. Leo kanisa lina nuru hiyo, na hakuna anayeweza kusema hakujua. Lakini subira aliyoagizwa Haskell haikufutwa mwaka 1863.

Soma Wagalatia 6:1. Roho ya upole inaonekanaje kwa vitendo, si kwa maneno?

Kwa kujadiliana darasani

Muuzaji huchoma changu na pweza juu ya wavu mmoja. Je, mshiriki amwombe amchomee pembeni, aondoke, au ale kwa shukrani? Wenye maoni tofauti wasikilizane mpaka mwisho kabla ya kujibizana.

Wenzake wa Forodhani wamemwalika binti tena. Anapaswa kwenda?

Yule kijana wa kwaya sasa amekosa Sabato mbili. Binti ndiye pekee kanisani anayejua sababu. Amwambie mzee wa kanisa, au aende yeye kwanza? Na akienda, sentensi yake ya kwanza mlangoni iwe ipi?