Sarafu ya Kale ni ya Nani?

Vitabu vya wakusanyaji wa sarafu za kale huianza habari sarafu ikiwa tayari imo mkononi. Hueleza madini, uzito, jina la mfalme na maandishi ya pande zote mbili. Miongozo ya soko huongeza bei, kama ule wa David Sear kuhusu sarafu za Kirumi, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1964. Mahali sarafu ilipofukuliwa hutajwa kwa nadra. Hata hivyo, kitu kilichookotwa huleta swali la haki kabla ya swali la elimu: ni cha nani?

Fikihi ya Kiislamu ililishughulikia swali hili mapema na kwa uangalifu mkubwa. Hazina iliyofukiwa kabla ya Uislamu huitwa rikazi, na aliyeipata hutoa moja ya tano yake. Lakini wanazuoni wengi walisema kwamba hazina yenye alama ya Uislamu, kama jina la mtawala Mwislamu au aya ya Kurani, si rikazi. Hiyo ni lukata, mali iliyopotea, na aliyeiokota hupaswa kuitangaza mwaka mzima akimtafuta mwenyewe. Maandishi anayoyasoma mkusanyaji ili ajue thamani, fakihi huyasoma ili ajue wajibu.

Kwa kipimo hicho, sarafu za masultani wa Kilwa, alizozichambua John Walker wa British Museum mwaka 1936, ni lukata bila shaka. Ni vipande vidogo vya shaba, vingi havina mwaka. Upande mmoja una jina, tuseme Ali bin al-Hasan; wa pili una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yaliyotungwa yafuate kina cha jina hilo. Mwenye kuidondosha sarafu kama hiyo sokoni amekufa karne nyingi zilizopita, na hakuna tangazo litakalomfikia. Je, wajibu umekufa naye? Haukufa. Umehamia kwa jamii iliyorithi mji wake, na kutangaza sasa ni kuandika sarafu ilipatikana wapi, katika tabaka gani la udongo, pamoja na nini. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964, inayolinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, inaelekea upande huohuo.

Hasara ya kunyamaza inaonekana Australia. Mwaka 1944 askari Maurie Isenberg aliokota sarafu tano za Kilwa katika visiwa vya Wessel, akakaa nazo hadi 1979 ndipo akazipeleka zikachunguzwe. Zilitambuliwa, lakini zilivyofika huko bado ni mjadala, kwa kuwa hazikufukuliwa kwa utaratibu wa kiakiolojia.

Mtambwe Mkuu, Pemba, mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1984 wanaakiolojia walifukua hapo zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu. Sarafu za fedha, zilizopigwa na watawala wa pwani, hazina mwaka. Dinari zinao, za mwisho zikiwa za karne ya 11. Kwa kulala pamoja, dinari zilizipa sarafu za fedha umri wake. Lau mfukuaji angeuza dhahabu kwa mnunuzi mmoja na fedha kwa mwingine, kila kipande kingepata ukurasa wake katalogini, na umri wa watawala hao ungepotea.