Dhima ya Tendo na Dhima ya Kinga

Mwaka 1996 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitamka kwamba ukatili ni tatizo la afya ya jamii, na tangu hapo umekua mtazamo unaouchukulia ujeuri wa vijana kama maradhi yenye chanzo, njia za kuenea na kinga, yaani hatua zinazochukuliwa kabla mtu hajadhuru wala kudhuriwa. Daktari Gary Slutkin, aliyewahi kupambana na magonjwa ya kuambukiza nchini Somalia, aliutumia mtazamo huo Chicago, ambako watu wanaoaminiwa na vijana walitumwa kuzima kisasi kabla hakijalipizwa. Mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania, ambako Waislamu wa mwambao ni wengi na ambako Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilivamiwa na wapiganaji waliotoka Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, mtazamo huo unazua swali zito la dini: ikiwa ujeuri huambukizwa, je, aliyeambukizwa ana dhambi?

Fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, haimwondolei dhima mukalafu, yaani mtu aliyebaleghe mwenye akili timamu, kwa kuwa damu aliyoimwaga ni yake. Lakini fikihi hiyohiyo inaitambua faradhi ya kifaya, wajibu ambao wakiutekeleza baadhi huwaondokea wote, na ukiachwa na wote huwa dhambi ya kila aliyeweza. Kinga dhidi ya ujeuri ni wajibu wa namna hiyo, na dhima hizi mbili hazipunguzani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya Watanzania, wa kike kwa wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na sehemu ya mapigo hayo humfikia mtoto ambaye hajabaleghe, na kalamu ya dhambi haijaanza kumwandikia. Kwa umri huo hakuna wa kuulizwa isipokuwa wakubwa waliompiga na wakubwa waliotazama.

Hata hivyo, mfano wa maradhi una hatari yake, na historia ya Mtwara yenyewe inaidhihirisha. Desemba 2012 wananchi waliandamana kupinga gesi kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, wakidai manufaa yaanzie pale inapochimbwa. Januari 2013 ghasia zilizuka Masasi, na tarehe 22 Mei, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilipothibitisha ujenzi wa bomba hilo, mji wa Mtwara uliwaka, watu wakafa na jeshi likaingia mitaani. Kuchoma nyumba ya mtu ni dhulma, na anayeichoma ana hesabu mbele ya Mungu. Lakini dai lililotangulia moto lilikuwa hoja, na hoja haitibiwi, hujibiwa. Anayemtazama kijana wa Msimbati au Mikindani kama mbeba vimelea, bila kumsikiliza kama mtu mwenye haki ya kuuliza, amemvua ule utu ambao taklifu, yaani kuwajibishwa kisheria na Mungu, inauthibitisha.

Kwa hiyo imamu, mwalimu wa madrasa, kungwi wa jando au kiongozi wa kijiwe cha bodaboda anayeombwa kutuliza vijana hana budi kupewa pia njia ya kulifikisha dai lao kwa wenye mamlaka na kurudi na jibu, kwani akitumwa kutuliza tu, vijana watamhesabu kuwa mjumbe wa upande mmoja, na imani waliyokuwa nayo kwake, ambayo ndiyo dawa pekee aliyonayo, itakwisha.