Ulevi wa Watoto na Dhamana ya Wazee



Twamsikia mzee akilia kuwa mwanawe amekuwa mlevi, na wenziwe humpa pole na kuzilaumu zama. Sisi twasema: zama hazina mikono ya kumshika mtoto zikampeleka kilabuni. Tuulizane, sisi wazee tulikuwa wapi?

Mwenyezi Mungu, katika Suratut-Tahrim aya ya 6, ametuamrisha tujilinde na moto sisi pamoja na ahali zetu. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alivyochungishwa.

Tazameni basi yapitayo huku kwetu mwambao. Muislamu ana minazi yake. Humkodisha mgema, na kodi hiyo ndiyo imlipiayo mwanawe ada ya chuoni. Mtoto huliona tembo likiteremshwa asubuhi na jioni. Hulionja lingali tamu, akaambiwa si kitu. Lakini tembo halingoji: kwa saa chache huchacha likawa kali, na ulimi wa mtoto hulifuata. Baba huyo atamkanya kwa mdomo upi? Mtume hakumlaani mnywaji peke yake. Amelaani watu kumi, na miongoni mwao yumo muuzaji, mchukuzi, na mwenye kula thamani yake.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 imekataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Ni sheria njema, lakini askari halali majumbani mwetu.

Tufanye nini? Kwanza, tuikate kodi ya tembo. Mnazi una nazi, mbata na makuti, na hizo ni riziki za halali. Pili, tuwajue rafiki za watoto wetu na wakeshako, khasa usiku wa harusi. Tatu, tuseme nao mapema kwa hoja, wala si kwa fimbo tu. Mungu mwenyewe aliwafunza watu daraja kwa daraja: Al-Baqara aya ya 219, kisha An-Nisaa ya 43, hata Al-Maida ya 90 ikakata shauri. Nne, aliyekwisha teleza tusimfukuze, kwani mlango tuufungao sisi, kilabu huufungua.

Samaki mkunje angali mbichi. Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu, na atujaalie kuwa wa kwanza kuyatenda tuyasemayo. Amin.