Tukutane Mnazi Mmoja

Kwa miaka mitatu nilikuwa na rafiki ambaye sikuwahi kumpeleka nyumbani, naye hakuwahi kunipeleka kwao. Yeye aliishi Kisutu, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa. Mimi nilikaa Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi, kwa shangazi yangu, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye choo kimoja uani. Kutoka kwetu hadi kwao kwa miguu hakufiki nusu saa. Lakini kila tulipopanga kuonana, iwe ni kusoma kwa ajili ya mtihani au kupiga soga tu, mmoja wetu alisema, "Tukutane Mnazi Mmoja," na mwingine hakuuliza kwa nini.

Nilidhani tumepachagua kwa sababu ni katikati. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba palichaguliwa kabla hatujazaliwa, na waliopachagua hawakutaka tukutane.

Asiyeijua Dar es Salaam na apate picha hii. Upande mmoja wa uwanja ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na nyuma yake kuna Kisutu na mitaa ya zamani ya maduka. Upande wa pili upo Mtaa wa Lumumba, na nyuma yake inaanza Kariakoo. Mtaa wa Uhuru unapita hapo ukitoka upande mmoja kwenda mwingine. Katikati kuna miti, majani, vijia, na mnara wenye mfano wa Mwenge wa Uhuru. Watu hukatiza wakiwahi daladala, wengine hulala kivulini mchana. Siku za Idi hapo huswaliwa, na siku za taifa hapo huhutubiwa. Ukipaona hivyo utadhani ni bahati tu kwamba jiji lililojaa namna hii liliachiwa nafasi ya kupumua.

Haikuwa bahati. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, watawala wa Kijerumani walipanga kuugawa mji katika kanda tatu. Ukanda wa kwanza ulikuwa wa majengo ya aina ya Kizungu, wa pili wa majengo ya kudumu ya biashara na makazi, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya Wahindi, na wa tatu wa nyumba walizoziita za kienyeji. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916 waliurithi mpango huo pamoja na mji wenyewe, na katika miaka ya 1920 wakauendeleza. Kati ya ukanda wa pili na wa tatu walitenga ardhi isiyojengwa. Hiyo ndiyo Mnazi Mmoja. Uwazi wake ndio uliokuwa kazi yake: Mwafrika abaki huku, Mhindi abaki kule, na katikati pasiwe na mtu.

Kinachonisumbua zaidi katika habari hii ni lugha iliyotumika. Kanuni za ujenzi hazikuwa na haja ya kusema mtu wa rangi fulani asiishe mahali fulani. Zilitaja aina ya jengo. Ukiwa na uwezo wa kujenga kwa mawe na saruji, jenga. Ukiwa na miti na udongo, nenda kule. Na maeneo ya wazi kama haya, katika miji mingi ya kikoloni ya Afrika, yalitetewa kwa hoja ya afya: malaria, mbu, moto, uchafu. Kwa hiyo ofisa aliyechora mstari kwenye ramani angeweza kurudi nyumbani jioni akilala usingizi mzuri, akiamini kwamba siku hiyo hakumbagua mtu. Alikuwa ameshughulikia majengo na mbu.

Halafu historia ikageuka. Katika miaka ya 1950 chama cha TANU, ambacho ofisi yake ilikuwa hatua chache kutoka hapo, kwenye mtaa ambao leo ni wa Lumumba, kilifanya mikutano ya hadhara katika viwanja vya Mnazi Mmoja na Jangwani. Ardhi iliyotengwa ili pasikusanyike mtu ikajaa watu. Bibi Titi, ambaye sauti yake iliwatoa wanawake majumbani kwenda kwenye mikutano ya namna hiyo, leo jina lake lipo kwenye barabara iliyo ukingoni mwa uwanja huo huo.

Hapa ndipo lilipo swali langu. Je, mahali palipozaliwa kwa dhuluma panaweza kutakasika?

Kwa sanamu, jibu ni rahisi kidogo. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wao na askari wa vita vyao vya kuuteka mwambao. Waingereza waliiondoa, na mwaka 1922 ikasimamishwa tena Hamburg, mbele ya chuo kikuu. Wanafunzi wa huko waliivuta kwa kamba ikaanguka mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena mwaka 1968, na safari hiyo haikurudi mahali pake. Kamba huimaliza sanamu. Lakini uwanja utauangushaje? Ukiujenga maghorofa, utakuwa umefuta mstari na kufuta kivuli pamoja nao, na aliyelala pale mchana ndiye atakayelipa gharama ya utakaso wako.

Wapo watakaosema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Naupenda msemo huu, ila naona tunausoma nusu. Unatutaka tugange, na mganga anayekataa kusikia ugonjwa ulianzaje atagawa dawa kwa kubahatisha.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni niliandika insha juu ya jambo hili. Hoja yangu ilikuwa kwamba Mnazi Mmoja imeshatakasika: wakoloni waliitenga ili itutenganishe, sisi tukaikalia ili ituunganishe, na kila kikao cha watu pale ni jibu kwa ile ramani. Mwalimu aliipenda. Mimi mwenyewe niliipenda. Jioni nilimpelekea rafiki yangu aisome, tukiwa tumekaa kwenye majani, machungwa yaliyomenywa mkononi.

Alisoma mpaka mwisho, akanirudishia karatasi. Kisha akauliza, "Wewe unakaa mtaa gani kule Kariakoo?"

Nikamwambia.

"Nyumba gani?"

Sikujibu haraka, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa anachouliza. Miaka miwili tulikuwa tumekutana pale karibu kila wiki, na baada ya maongezi kila mmoja alisimama, akakung'uta suruali, akarudi upande wake. Ofisa yule wa ramani angetuona, asingekuwa na la kulalamika. Tulikuwa tunautumia ukanda wake vilevile alivyoukusudia, ila sisi tuliuita urafiki.

Kila mmoja alikuwa na sababu zake. Mimi niliona haya ya kile choo cha uani, na niliogopa maneno ya wapangaji, maana nilijua wataniuliza, "Mhindi wako amekupa nini?" Yeye alimwogopa bibi yake. Mwaka 1971 serikali ilipopitisha sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, bibi yule na mumewe walipoteza jengo walilokuwa wamelijenga kwa miaka mingi, na wengi wa ndugu zao wakaondoka nchini. Yeye alibaki, akiwa mpangaji katika jiji alilozaliwa, na tangu hapo kila Mwafrika asiyemfahamu aliyegonga mlango wake alionekana amekuja kuchukua kitu. Shangazi yangu naye alikuwa na hesabu zake na watu wa ng'ambo ile: duka alilofanya kazi ujanani, ambako alipekuliwa mkoba kila jioni kabla ya kutoka. Hesabu hizi hazilingani, na sisemi zinafutana. Ninachosema ni kwamba kila upande ulikuwa na kisa cha kweli cha kuuhalalishia ukimya wake, na uwanja ulituruhusu tusiviguse visa hivyo.

Ndiyo maana siku hizi sikubaliani na ile insha yangu. Umati hauwezi kutakasa uwanja. Umati unakuja, unashangilia, unaimba, na ukitawanyika kila mtu anarudi kwao kwa njia aliyojia. Mikutano ya miaka ya 1950 ilikuwa na ukubwa wake kwa sababu watu walitoka pale wakiwa na kazi ya kufanya: kadi za kuuza, nyumba za kubisha hodi. Maana ya uwanja ilikuwa katika hizo hodi.

Lakini pia sitaki kuudharau uwanja, kama wafanyavyo baadhi yetu tukishajua asili ya kitu. Tusingekuwa na Mnazi Mmoja, mimi na yeye tungekutana wapi? Mgahawani lazima ununue. Kwenye maduka makubwa ya siku hizi mlinzi anakutazama viatu. Pale majanini hakuna aliyetuuliza tumefuata nini, na kwa vijana wawili wasio na hela hilo si jambo dogo. Uwanja ulitufikisha nusu ya safari, na lawama ya nusu iliyobaki ni yetu.

Nimejifunza pia kuitambua ile lugha ya mbu ninapoisikia. Leo hakuna kanuni inayosema nani akae wapi Dar es Salaam. Ipo kodi ya miezi sita ya kulipwa kwa mkupuo. Upo ukuta na geti lenye daftari la wageni. Kuna neno "uswahilini", tunalolitaja kwa kubinua mdomo, sisi wenyewe Waswahili, tukimaanisha kelele na umbea, bila kukumbuka kwamba kanda zile tatu ndizo zilizoufanya uswahilini uwe mahali pa kuachwa bila mifereji. Mara nyingi hoja za usafi na usalama ni za kweli. Mbu alikuwa wa kweli pia. Swali ninalojiuliza sasa, kila ninapoambiwa mahali panapangwa upya kwa faida ya wote, ni nani atakayetakiwa kuondoka, na kama jina lake limetajwa au limefichwa ndani ya aina ya jengo.

Mwaka wa tatu, wiki chache kabla ya mitihani ya mwisho, alinipigia simu kama kawaida. Akasema, "Tukutane Mnazi Mmoja saa kumi?"

Nikasema, "Njoo Mchikichi. Nitakusubiri kona ya Lumumba nikupeleke."

Alinyamaza kidogo. "Nije na nini?"

"Njoo na njaa."

Alikuja na mfuko wa tende. Tulipita uani, tukaipita ile choo, na hakuna lililotokea. Wapangaji walimtazama kama wanavyomtazama kila mgeni. Shangazi alimpokea, akamketisha kwenye kiti pekee chenye mto, akamwekea pilau, akamuuliza wazazi hawajambo, bibi je, anaendeleaje? Kisha akanigeukia mimi, na hakuwa anatania.

"Miaka mitatu yote," akasema, "mtoto wa watu ulikuwa unamficha wapi?"

Kwao Kisutu nilichelewa zaidi kufika, na habari ya siku hiyo ni yake kuisimulia.