Haki ya Njia Katika Viwanja vya Vyuo

Ukipanda kutoka Moshi mjini kuelekea Mwika, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, utakuta vijia vinavyopita baina ya vihamba vya migomba na kahawa, vikiwa vimepakana na masale. Kwa Wachagga masale ni mpaka, na pia ni jani la kuombea msamaha. Kijia hicho si nyumba ya mtu, lakini kina adabu zake.

Vyuo navyo vina vijia vyake. Mwika kuna vyuo vya Kanisa la Kilutheri. Mjini Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza kama Chuo cha Ushirika mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu mwaka 2014. Katika chuo chochote, mwanafunzi hutumia muda mwingi mahali pasipo darasa wala bweni: barazani, kwenye ngazi, chini ya mti. Hapo ndipo asiye na kompyuta anapoazima notsi, na mgeni anapopata rafiki. Lakini ni hapo hapo kundi la vijana linaweza kujipanga na kumkodolea macho binti anayepita, mpaka akaona heri apite kwenye tope na mvua ya masika.

Swali la kujiuliza ni je, mahali pa kupita ni pa nani?

Wapo wanaosema ni pa aliyewahi. Hoja hii inafaa kwa kiti, haifai kwa njia, kwani wote wanaokuja nyuma yake wana haki ya kupita. Wengine husema ni pa chuo, basi mlinzi awafukuze wote. Hili ni jepesi, lakini linamwadhibu anayejisomea pamoja na mkorofi, wala halisemi waende wapi.

Uislamu ulikwisha kulitazama jambo hili. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri, Mtume (s.a.w.) aliwakataza Masahaba kukaa njiani. Walipoeleza kuwa hawana budi, kwani hapo ndipo wanapozungumzia mambo yao, aliwataka basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kujizuia kuwaudhi watu, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu.

Tazama mizani hiyo, ndugu msomaji. Haja ya kukaa ilisikilizwa. Lakini ruhusa ilikuja na deni, na mwenye deni ni aliyekaa, si anayepita. Kwa hiyo binti haulizwi kwa nini amepita hapo. Kijana ndiye anayeulizwa amekaaje. Na yule asiyetukana, lakini ananyamaza wenzake wanapomtukana mpita njia, naye hajaitimiza haki hiyo.

Basi wakuu wa vyuo waweke mabenchi yenye paa, pembeni mwa njia, ili anayekaa asizibe pa kupita. Nasi wazazi tusiishie kuuliza matokeo ya mitihani. Tuulize pia: unapokaa na wenzako, anayepita anasalimika? Maana vijana hawa hawakuanzia chuoni kukaa barazani. Walianzia kwenye baraza na vijiwe vya mitaani kwetu, na sisi tukipita tukiwaona.