Haki ya Anayengoja Gizani

Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Wasomaji wetu wa bara, ambao kwao dhoruba ya bahari ni habari ya redioni tu, wakumbuke kwamba Mafia ni kisiwa kilicho mkabala na delta ya Rufiji, na kila kitu kiendacho huko, tangu msumari hata mtambo, hakina budi kuvuka maji. Kwa miaka mingi umeme wake umetoka katika mitambo ya dizeli iliyoko kisiwani, mbali na Gridi ya Taifa. Kifaa kikubwa kikiharibika Kilindoni, hakuna jirani wa kuazimwa umeme. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo twaliona kuwa la dhamiri kabla ya kuwa la ufundi: je, mafundi wana haki ya kuwaacha watu gizani siku nyingi ili wakague uharibifu kwa utaratibu?

Amwonaye mama akijifungua kwa mwanga wa kandili, au mvuvi akitupa samaki kwa kukosa barafu, huona kila saa ya ukaguzi kuwa saa ya ukatili. Hoja hii si ndogo. Upendo hauna simile. Msamaria Mwema hakuitisha kikao.

Lakini kituo cha umeme wa nguvu kubwa si taa ya chemli, ifutwayo kioo na kuwashwa. Baada ya dhoruba chumvi ya bahari hukaa juu ya vikombe vya kauri vinavyoshika nyaya, na ikipata unyevu huupitisha umeme pasipotakiwa. Maji yaweza kuingia katika mafuta ya transfoma, nayo kwa nje ikaonekana nzima. Kwa hiyo fundi hukata kwanza njia zote, huzifunga kwa kufuli, na kuziunganisha nyaya na ardhi, asije akauawa na umeme uliorudishwa na jenereta ya mtu. Kisha huchota mafuta kidogo akayapima, na kuchunguza gesi zilizoyeyuka ndani yake, maana gesi hizo husimulia cheche zilizotokea mahali jicho lisipofika. Hujaribu swichi kubwa, kama zitajikata zenyewe hatari itokeapo. Ndipo huiwasha transfoma pasipo mzigo, huisikiliza, na kuurudisha mtaa mmoja baada ya mwingine. Arukaye hatua moja kwa huruma aweza kukiunguza kilichokuwa kikiponyeka.

Mt. Thoma wa Akwino, alipoyataja makosa yaipingayo busara, alitaja haraka isiyo na shauri, akaifananisha na mtu aporomokaye toka juu badala ya kushuka ngazi kwa ngazi. Hakuna fundi wa umeme atakayembishia.

Hata hivyo, kungoja kuna gharama, na gharama hiyo hailipwi sawasawa. Ndugu zetu wa Unguja waijua. Waya uliopita chini ya bahari toka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, uliofanya kazi tangu mwaka 1980, ulikatiza umeme mwezi Mei 2008, na giza likadumu karibu mwezi mzima. Ukakatiza tena tarehe 10 Desemba 2009, na umeme haukurudi hata Machi 2010. Pampu zilisimama, watu wakabeba ndoo. Mwenye fedha alinunua jenereta. Asiye nazo alikaa na koroboi. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013, lakini miezi ile mitatu hakuna aliyerudishiwa.

Twajibu basi: haki ya kukawia mafundi wanayo, ila hawaipati bure. Amkawishaye mwenzake amechukua kitu chake, naye anadaiwa maelezo ya kweli. Neno "kesho" lisemwalo ili kuwatuliza watu huivunja Amri ya Nane, hata likisemwa kwa upole. Mama wa genge amelisikia, amenunua samaki kwa kulitegemea, na kesho ikija anatupa mtaji wake jalalani. Tena, mkubwa adaiye tarehe kabla kifuniko hakijafunguliwa humsukuma fundi kusema uongo, na dhambi hiyo ni ya wote wawili. Sisi twamheshimu zaidi fundi asemaye, "Sijajua bado, nitajua mafuta yakiisha kupimwa."

Jambo lenyewe halihitaji fedha. Karatasi moja ibandikwe sokoni Kilindoni, gatini, mlangoni pa msikiti na mlangoni pa kanisa: kilichovunjika ni hiki, kinachongojwa ni hiki, nacho kiko bandari fulani, hospitali na pampu za maji zitatangulia, kwa sababu hii. Iandikwe upya kila asubuhi. Siku isiyo na habari mpya, na iandikwe kwamba hakuna habari mpya, pamoja na tarehe.